Watu Arobaini na Mmoja wa Kisima cha Ndau

Mama,

Salamu zikufikie huko uliko, na Mola akupanulie kaburi akutie nuru ndani yake. Ni mimi Saumu. Nimeketi barazani kwetu hapa Faza, asubuhi, na Baba ametoka kutafuta samaki. Nimeona nikuandikie kabla hajarudi, maana akinikuta na machozi atasema nimeanza tena. Hayatakuwa ya huzuni lakini. Kuna jambo nataka kukwambia, na nitalisema mwanzo kabisa lisije likanikaba. Watu wako wote wamesimama. Arobaini na mmoja. Hakuna aliyelala ubavu, hakuna aliyevunjika mguu, na juzi wamevuka maji kwenda Ndau wakafika wima vilevile walivyotoka.

Najua ungeniuliza, "Umewashikiza na nini?" Hukuwa mtu wa kupokea habari njema bila kuigeuza upande wa pili. Basi nitakupa yote.

Ulituacha na trei mbili za mayai chini ya kitanda. Nilizikuta siku ya tatu baada ya khitma, wanawake wamekwisha kuondoka, nyumba imenyamaza, nami nafagia ili mikono ipate kazi. Nikavuta trei nikidhani ni mayai ya majirani. Shimo baada ya shimo mlikuwa na mtu, amelazwa juu ya pamba, urefu wake kama kidole changu cha shahada. Nilikaa sakafuni nikawatoa mmoja mmoja. Nilijua ulikuwa unawapaka rangi. Ulinambia kwa simu, nami nikiwa kazini Shela nikakujibu "mashaallah" huku natandika kitanda cha mgeni. Sikujua kama ulikuwa umewamaliza wote. Hukusema.

Nakumbuka walivyoanza. Baba alikuwa akirudi kutoka ufuoni, kwenye mashua zake za fiba, na mabaki ya rezini kwenye kopo, ile dawa inayokuwa nzito kama asali halafu ukiitia dawa ya kugandisha inakuwa jiwe. Hakupenda kuitupa. Akachonga kalibu ndogo kwa ajili ya mchezo tu, akaimimina humo, akatoka na mtu mdogo amechutama. Akakuletea jikoni. Ukamtazama huku na huku, ukasema, "Huyu yu uchi, na wewe unamzungusha mjini." Ukachukua brashi yako ya piko, ile ya kuwachorea maharusi, ukamvisha leso. Nyekundu, na pindo jeusi. Mistari ya pindo ilikuwa myembamba hata Baba akavua miwani akaipangusa akavaa tena. Tangu siku hiyo Baba akawa anamimina, wewe unavisha, na dirisha la mbele likajaa watu.

Hapo dirishani ndipo Mwalimu Mutua alipowaona. Alikuja Baba amzibie mashua ya shule ya Ndau, na huku akingoja akasimama mbele ya dirisha muda mrefu, mikono nyuma, kama anasahihisha mtihani. Mtu wa Ukambani, lakini Kiswahili chake ni cha adabu. Akakuuliza kama ungeweza kumtengenezea kijiji kizima, kitu cha kuweka juu ya meza darasani, watoto wa Ndau waone watu walivyoishi kabla ya matangi na mabomba. Ukamjibu, "Kijiji kizima ni kikubwa kwangu. Nitakutengenezea kisima." Wewe mzaliwa wa Ndau, kisima kile ulikijua kwa mgongo na shingo.

Hata Maalim wa msikitini kwetu alipopita akasimama dirishani na kukunja uso, ulikuwa na jibu. Ukamwambia, "Maalim, hawa ni wa kusomeshea watoto. Tena sikuwatia mato wala mdomo. Roho si kazi yangu, kazi yangu ni leso." Maalim akainama akahakikisha kwamba kweli nyuso zao ni tupu, laini kama kokoto. Halafu akauliza kama marehemu bibi yake wa Ndau atakuwemo, maana na yeye alichota pale. Ukamweka. Yule mwenye mtungi kichwani na mkono mmoja hewani. Maalim ameshamwona, Mama. Nitafika huko.

Ulipoondoka sikuwepo. Nilipigiwa simu nikiwa Shela, nikapanda mashua ya kwanza, na nilipofika ulikuwa umekwisha oshwa. Hilo sitaliandika zaidi ya hapa.

Baba hakutaka kuwagusa wale watu. Ubao wa chini ulikuwa tayari: mchanga wa Ndau umegandishwa juu yake, kisima cha vipande vya matumbawe katikati, vibanda viwili vya makuti, ndia nyembamba ya kuteremkia. Kila kitu kipo ila watu. Nilimwambia tuwaweke mimi na yeye, akatikisa kichwa. "Aliyejua nani asimame wapi ni mama yako. Mimi nilikuwa mmiminaji." Na mikono yake siku hizi inatetemeka. Kwenye mashua haionekani, maana kule anafanya kazi kwa bega zima, lakini kwenye kitu cha ukubwa wa kidole inaonekana. Alizirudisha trei chini ya kitanda mwenyewe.

Miezi ikapita. Siku moja Mwalimu Mutua akanipigia. Aliniuliza hali, akaniuliza hali ya Baba, akakuombea, halafu akasema, "Si kwamba nakuharakisha, Bi Saumu. Nauliza tu kama wale watu bado wapo." Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za nyumba ya wageni, shuka mkononi. Sijui kwa nini neno lile "bado wapo" lilinichoma. Nikaomba ruhusa kazini nikaja nyumbani.

Sasa nitakuungamia. Nilianza vibaya.

Nilinunua gundi ya haraka dukani, ile ya kichupa kidogo inayoshika vidole. Nikaona nimepata. Nikampaka mtu wa kwanza nyayo, nikamsimamisha kando ya kisima, akashika mara moja, nami nikajisifu. Nikamshika wa pili, yule bikizee wa buibui jeusi, nikampaka nyingi ili ashike zaidi. Nikaenda kuswali Adhuhuri. Niliporudi, buibui lilikuwa jeupe kuanzia magotini kwenda chini, kama aliyepita kwenye unga. Gundi ile ikikauka hutoa mvuke, na mvuke umegandia kwenye rangi yako. Nikajaribu kupangusa kwa kitambaa, ukungu ukaenea. Nikageuka kumtazama wa kwanza, nikamgusa kwa ncha ya kidole tu. Akaanguka. Pale aliposimama zilibaki nyayo mbili za rangi mchangani, na yeye chini ya miguu yu mtupu, rezini peke yake.

Mama, nililia kama nimekuangusha wewe. Nikambandua na bikizee, nikawafunika wote wawili kwa kitambaa, nikawaficha nyuma ya mtungi wa maji ili Baba asione.

Aliona, bila shaka. Hakunigombeza. Alimwinua yule aliyeanguka, akamtazama nyayo, akasema kwa ile sauti yake ya ufuoni, "Gundi imeshika rangi vizuri sana. Ila rangi haikushika mtu. Ungebandika kiraka cha mashua juu ya rangi wewe?" Nikasema la. "Utafanya nini kwanza?" Nikasema nitakwangua mpaka nifike kwenye fiba yenyewe. "Basi unajua kazi. Kwa nini hawa umewafanyia kama mapambo?" Akavuta kigoda akaketi kando yangu. Tangu uondoke, hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuketi karibu na ule ubao.

Hivyo ndivyo tulivyofanya, na nakuandikia kila hatua kwa sababu najua utataka. Nilimgeuza kila mtu miguu juu, nikakwangua rangi ya nyayoni kwa msasa laini, nyayoni tu. Halafu nikatoboa. Baba alinitafutia keekee nyembamba kama sindano ya kushonea kofia, ya kuzungusha kwa vidole, si ya umeme. Unaisimamisha katikati ya wayo, unazungusha polepole, unga mweupe unatoka, na unaomba isitokee kifundoni. Wa kwanza nilimtoboa nimezuia pumzi. Wa kumi nilikuwa napumua. Kwenye tundu nikatia kipande cha waya wa shaba kilichochunwa kwenye kebo ya umeme, mguu wa ndani kwa kila mguu wa nje, nikakiacha kitokeze chini urefu wa punje ya mchele. Ubaoni nilikuja kutoboa tundu la kukipokea baadaye, kila mtu alipokwisha kujulikana pake. Kwanza unamjaribisha mtu pakavu, bila gundi, unaona kama anasimama sawa na anatazama anakotakiwa kutazama. Ukiridhika ndipo unachanganya ile gundi ya mirija miwili, tone kwa tone, unachovya waya kwa ncha ya kijiti cha meno, unamteremsha, unamshika mpaka ashike. Dakika tano. Ikichuruzika pembeni unaipangusa hapohapo, kisha unanyunyiza mchanga kidogo kuzunguka nyayo, ili asionekane amewekwa juu ya ardhi, aonekane amekanyaga.

Baba alikuwa akikata waya. Hilo mikono yake inaliweza. Tulifanya hivyo siku nyingi bila maneno mengi, na ilikuwa nzuri.

Yule bikizee wa buibui ilibidi nimpake upya mwenyewe. Nilimweka mbele yangu siku mbili nikimzunguka kama paka. Wewe ulinifundisha piko nikiwa binti, na nikakataa. Nikakwambia sitaki kuinama juu ya mikono ya watu maisha yangu yote, nikaenda Shela kuinama juu ya vitanda vyao. Ulinambia siku ile, bila hasira, "Mkono wako mwema, Saumu, una haraka tu. Moya moya." Nikachukua brashi yako. Nikaikuta laini, ulikuwa umeiosha na kuinyoosha ncha kabla hujaugua. Nilianza na weusi mwepesi, nikangoja ukauke, nikarudia, nikangoja, nikarudia. Kisha ule ukingo wa kijivu unaoonyesha kunjo la nguo. Nilipomaliza nilimweka katikati ya wenzake nikamwita Baba. Nikamuuliza, "Yupi niliyempaka mimi?" Akainama muda mrefu. Akamwonyesha mwingine, Mama. Akamwonyesha wako.

Sijawahi kujisikia hivyo tangu nizaliwe.

Ila bado hatukujua nani asimame wapi. Hukuandika popote. Nikafunga trei mbili kwa leso nikapanda mashua kwenda Ndau, kwa Bi Mwanatumu, rafiki yako wa utotoni, kwa kuwa jina lake ndilo ulilokuwa ukilitaja kila uliposema habari za kisima. Alinipokea kwa kunikumbatia na kunipa chai ya tangawizi. Akawaita wenzake wanne wa rika lenu. Nikafunua leso mkekani.

Laiti ungewaona. Hawana mato wala mdomo wale watu, na wale wanawake waliwajua wote. "Huyu ni mama yangu, hii leso aliivaa mpaka akafa." "Huyu Bi Rukia, tazama anavyobinua nyonga, hata maji yakiwa mazito hakuacha maringo." Waligombania mmoja, kila mtu akidai ni shangazi yake, mpaka Bi Mwanatumu akaamua kwa ukosi wa kanzu. Wakanipangia mkekani kwa punje za mahindi: hapa kisima, hapa foleni, hapa waliokaa kusuka wakingoja zamu, hapa watoto. Nami nikachora kila nafasi kwenye daftari. Waliwakumbuka watu wao kwa sababu yako. Nilikaa pale nikajiona mtoto wa mtu mkubwa.

Halafu nikamtoa mwanamke mmoja aliyekuwa amebaki, mwembamba, leso ya buluu iliyofifia, ndoo mbele ya miguu yake, mikono ameifunika ndani ya leso. Mmoja akainuka akasema anakwenda kuangalia sufuria. Bi Mwanatumu alimchukua akamrudisha kwenye pamba yake. "Huyo muache, mwanangu. Ni mambo ya kae hayo, yalikwisha zamani."

Sikumuuliza mbele ya watu. Nilirudi Faza nikamuuliza Baba. Akanisimulia ulichomsimulia wewe, tena mara moja tu, anasema, mlipokuwa mmeoana karibuni. Kwamba yule ni Bi Mize. Kwamba alipata ukoma, akapelekwa hospitali bara, akatibiwa akapona, akarudi na karatasi ya daktari iliyosema hana tena ugonjwa wa kumwambukiza mtu, na watu wa Ndau hawakuitaka ile karatasi. Walimkataza kutia ndoo yake kisimani. Alikuwa akikaa juu kwenye ndia, mbali, tangu asubuhi mpaka wote wamalize kuchota, na siku za kiangazi wakimaliza wote kisima kimekwisha. Na kwamba kulikuwa na mtoto wa kike wa miaka tisa aliyetoka kwenye foleni na kata yake ya kifuu, akapanda ile ndia akammiminia.

"Aliniambia nimpe kalibu ya mtoto mwenye mkono ulionyooka," Baba akasema. "Nilimimina rezini mara sita. Kila nikimletea, anasema mkono haujafika. Nikamwambia umekaribia. Akasema, usikaribie, ufike."

Nikamtafuta kwenye trei. Mtoto wa leso ya manjano, kata mkononi, ambaye wale wanawake walikuwa wamempanga pamoja na watoto wanaocheza. Nikamweka mbele ya Bi Mize, pakavu, bila gundi. Mdomo wa kata ukakaa juu ya ukingo wa ndoo. Haukubaki hata upenyo wa unywele.

Mimi ni mwanao wa pekee, na sikujua. Miaka yote ile ulinisimulia kisima, ulinisimulia vichekesho vya kisima, na hili ukaliacha. Baba anasema hukutaka kusifiwa kwa maji.

Niliwapanga wengine wote kwa daftari. Nilipofika thelathini na tisa nikasimama, wamebaki Bi Mize na yule mtoto. Siku chache baadaye Bi Mwanatumu akaja Faza bila kunipigia simu. Alivua viatu, akaketi, hakugusa chai. Akautazama ubao. Mama yake yuko pale ukingoni mwa kisima, mkono kiunoni, umempaka vizuri mno.

"Sikiza, Saumu," akasema. "Yule mwenye mkono kiunoni ni mama yangu. Yeye ndiye aliyekuwa akisimama pale kuhakikisha Mize hashuki. Nina wajukuu shule ile. Watauliza kwa nini mwanamke mmoja yuko mbali, na wataambiwa."

Nikamwambia najua.

"Basi msogeze tu. Mtie kwenye foleni na wenzake. Ni kidole kimoja cha nafasi. Nani atajua?"

Nilifikiri, Mama. Ni mtu mzima, ni rafiki yako, na alikuwa ananiomba kwa heshima. Nilikuwa karibu kukubali. Kisha nikamtazama yule mtoto kwenye pamba na mkono wake umenyooka. Nikasema, "Bi Mwanatumu, nikimsogeza, mama yangu atakuwa anammiminia nani?"

Akaniomba nimpe wale wawili awatazame. Akawaweka kwenye kiganja, mmoja mbele ya mwenzake, akaikutanisha kata na ndoo kama nilivyofanya mimi, wala sikumwonyesha. Baba alikuwa mlangoni, akarudi nyuma taratibu akatuacha.

"Mama yako alichapwa siku ile," akasema. "Bibi yako alimchapa kwa kamba ya ndoo mbele yetu sote. Kesho yake akaenda tena. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Alinambia, Mwanatumu, nishikie nafasi, narudi. Nikaisukuma ndoo yake kando kwa mguu, nikapita mbele. Alirudi akakaa mwisho wa foleni. Hakunisema. Hata tulipokuwa wazee hakunisema." Akautazama tena ubao. "Alinipaka na mimi?"

Nikamwonyesha. Kwa maneno yake nilikuwa nimeshamjua: yuko katikati ya foleni, msichana wa leso ya kijani, ndoo yake miguuni, na mbele yake kuna nafasi tupu ya mtu mmoja. Wale wanawake walipoipanga foleni, yeye mwenyewe ndiye aliyesema nafasi ile iachwe. Nilidhani ni njia ya kupita.

"Gundi yako inachukua muda gani?" akaniuliza.

"Dakika tano, mpaka ashike."

"Nipa nimshike Mize mimi."

Nikachanganya gundi. Nikachovya waya, nikamteremsha Bi Mize kwenye tundu lake juu ya ndia, mbali na kisima, pale alipokaa kweli. Bi Mwanatumu akamshika mabega kwa vidole viwili. Mimi nikakusimamisha wewe mbele yake na kukushika, na kata ikafika. Tulikaa hivyo vichwa vyetu vikigusana, mimi na yeye, tukisikia pumzi zetu tu. Dakika tano zilipokwisha nikamwambia, "Ameshashika, Bi." Hakuachia. Nikamwacha. Alipomwachia hatimaye alijipangusa uso kwa upindo wa leso akaniuliza kama ile chai bado i moto.

Juzi tukavuka. Baba alitengeneza sanduku la mbao lisilo na kifuniko, tukaliweka katikati ya mashua juu ya godoro. Maji yalikuwa na ukaidi siku ile, mashua ikipiga tumbo kila mara, na kila ikipiga Baba ananitazama mimi nami nautazama ubao. Watu wakatikisika pamoja na nti yao, ule ubao wa mchanga. Hakuna aliyeanguka. Tulipofika Baba hakusema kitu kwangu, alimwambia nahodha, "Hiyo kazi ya binti yangu hiyo," na nahodha hakuwa ameuliza.

Darasa lilijaa hata madirishani. Maalim alikuja kutoka Faza makusudi kumwona bibi yake, akasimama karibu naye muda wote. Mwalimu Mutua alisema maneno machache, akalitaja jina lako, Bi Fatma, na la Baba, na langu. Kisha akawaacha watoto wasogee, kumi kumi, mikono nyuma. Wakawatafuta mabibi zao, wakacheka maringo ya Bi Rukia. Msichana mmoja wa shungi nyeupe akakaa sana upande wa ndia. Alikuwa mjukuu wa Bi Mwanatumu. Akauliza, kama tulivyojua kwamba kuna mtu atauliza, kwa nini yule yuko mbali na wengine.

Nilifungua kinywa, lakini Bi Mwanatumu alitangulia. Alisimama kutoka kwenye kiti chake, mbele ya mji mzima, akamweleza. Alimtaja Bi Mize kwa jina. Akasema, "Tulimkosea." Akasema, "Na mimi nilikuwemo." Mzee mmoja nyuma akavuta istighfar polepole, na wengine wakamfuata.

Msichana akanigeukia mimi, labda kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu. "Na huyu mtoto anayemmiminia ni nani?"

Mama, nimesafisha vyumba vya watu wengi, nimeitikia kila jina nililoitwa. Sijawahi kusema neno kwa kifua kilichojaa kama nilivyosema pale.

"Ni mama yangu," nikasema.

Sijarudi Shela, nimewaambia wasiningoje. Baba amechonga kalibu mpya, anataka kumimina mafundi wa ufuoni wa ujana wake, nami nitawapaka. Na nakuahidi hili: kila mwaka, Ramadhani haijaingia, nitakwenda Ndau na brashi kavu niwapanguse vumbi wote arobaini na mmoja, na mtoto yeyote atakayeuliza, nitamwambia. Nikishindwa kwenda, nitakuwa nimemfundisha mwingine kwenda.

Namsikia Baba anakohoa pale kona, amerudi. Mola akurehemu, Mama, na akulipe kwa kila kata.

Mwanao,
Saumu